Prado ya zamani ya dizeli: nijaze mpaka wapi, na nisishuke chini ya wapi?

Mtaa_wa_Pili
Wakuu, habari za jioni. Gari ni Prado KZJ95 ya 1998, injini 1KZ-TE, tanki la lita 90. Iko Dar, inatembea siku mbili tatu kwa wiki, na mara moja moja inapanda Lushoto. Kila fundi ana dini yake: mmoja anasema full tanki kila safari ili umande usiingize maji, mwingine anasema nusu inatosha, uzito unakula mafuta. Mjazaji naye pampu ikikata anatingisha gari na kuongeza mpaka aone mafuta shingoni. Safari hii gari ilishinda juani baada ya kujazwa hivyo, jioni dizeli imetona nyuma na harufu iko mpaka ndani. Halafu taa ya filta inawaka kwenye kona za mlimani, ikifika tambarare inazima. Naombeni ushauri wenye vipimo, si "jaza tu mkuu".

Spana_14
Pampu ikikata mara ya kwanza, umeshajaza. Dizeli ina povu jingi, kwa hiyo ukitaka hesabu kamili subiri nusu dakika povu lishuke, ongeza taratibu mpaka ikate mara ya pili, funga. Ya tatu hapana, na kutingisha gari ni kutoa hewa ambayo ilitakiwa ibaki humo.

Dizeli hutanuka kwa asilimia 0.08 hivi kila joto likipanda nyuzi moja. Lita 90 zikitoka kwenye kisima cha sheli zikiwa nyuzi 28 na kufika 43 (jua la mchana, pamoja na dizeli ya moto inayorudi tankini kutoka kwenye pampu ya injini), zinaongezeka lita moja na ushee. Nafasi ya hewa juu ya tanki iliachwa kwa ajili ya lita hiyo. Ukiijaza, mafuta yatatokea kwenye mpira wa kupumulia au kwenye mfuniko.

Ila usimtwishe mjazaji lawama zote, maana tanki lisilo na hitilafu halileti harufu ndani. Kagua mpira mnene wa shingo ya kujazia, hasa chini ya klipu. Ufinye, nyufa hazionekani mpaka uukunje. Kagua na ule mwembamba wa kupumulia unaopita kando yake, kisha gasketi ya geji ya mafuta juu ya tanki. Vyote hivyo viko juu ya mafuta tanki likiwa robo tatu, ndiyo maana vinavuja ukijaza tu, ukitembea siku mbili vinakauka na unasahau. Futa pakauke, nyunyiza poda ya mtoto, jaza mpaka ikate, rudi baada ya saa moja. Poda iliyolowa itakuonyesha penyewe. Ukinunua mpira, taka wa mafuta. Wa rejeta unavimba na kulainika ukikaa na dizeli.

Ndoo_na_Kipimo
Naongezea hapo kwa Spana: kama pampu inakatakata tangu mwanzo hata tanki likiwa nusu, shuku mpira wa kupumulia umeziba. Vumbi, au nyigu wa udongo wamejenga humo. Hewa haitoki, mafuta yanarudi na kuziba kile kitundu cha kwenye ncha ya mkono wa pampu, nayo inadhani tanki limejaa.

Sasa umande. Ni kweli upo, lakini watu wanaukuza mno. Tanki likiwa nusu lina lita 45 za hewa. Hewa iliyoshiba unyevu kwa nyuzi 30 hubeba gramu 30 hivi za maji kwa mita moja ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 20 inabaki na 17. Kwa lita 45, tofauti haifiki hata gramu moja: matone kumi na mawili hivi. Na usiku wa pili sehemu kubwa ya hewa ni ile ile, kwa kuwa tanki huvuta mpya kidogo tu mafuta yanaposinyaa. Kujaza kijiko cha chai kwa mtindo huo ni kazi ya miezi.

Kwa hiyo taa ya filta, ile ya kuonya kuna maji, ikiwaka siku mbili baada ya kutoka sheli, hayo maji umeyanunua. Au yamepitia kwenye mfuniko ambao mpira wake umekauka na kijana wa kuosha magari akaupiga mashine ya presha. Masika ikikolea, epuka kujaza wakati lori la mafuta linashusha kisimani. Maji na taka vya chini vimevurugwa, vipe saa kadhaa vitulie. Na dizeli ya dumu ichotee kwanza kwenye chupa inayoonyesha ndani: ikibaki na ukungu, ina maji.

Uzito? Nusu tanki ni kilo 38, hazifiki mfuko wa saruji. Kwenye gari ya karibu tani mbili hutauona kwenye matumizi. Kama gari italala mwezi au zaidi, hapo ndipo "full" ina maana: hewa kidogo, kutu kidogo kwenye bati la juu.

Fundi_Dizeli_Tanga
Huku chini ndiko kuna gharama. Watu husema tanki likikaribia kuisha gari inavuta taka. Nusu ya ukweli. Bomba la kuvutia liko karibu na sakafu siku zote, hata tanki likiwa limejaa. Tatizo ni kwamba mafuta yakiwa machache yanachezacheza, yanakoroga mashapo, na kwenye kona kali bomba linabaki hewani. 1KZ haina pampu ndani ya tanki. Pampu ya injini inavuta yenyewe toka huko nyuma, na inalainishwa na dizeli hiyo hiyo. Ikivuta hewa, gari inakosa nguvu au inazima, na vyuma vinasagana vikavu.

Kwa mjini, robo ndiyo mwisho. Kabla ya kuanza kupanda Lushoto pale Mombo, nusu. Usiiamini geji ya gari ya 1998: jaza mpaka ikate, tembea mpaka taa ya mafuta iwake, jaza tena sheli ile ile mpaka ikate. Risiti ikisoma lita 76, ujue taa inawaka zikiwa zimebaki 14 hivi. Andika kwenye karatasi, bandika ndani ya dashibodi.

Mafuta yakiisha kabisa na gari ikazima, usipige starti mpaka betri ife. Weka lita 10, bonyeza pampu ya mkono juu ya filta mpaka iwe ngumu, kisha starti isizidi sekunde 15, ipumzike dakika, rudia.

Mtaa_wa_Pili
Nimewapata. Mpira wa shingo umepasuka kweli, chini ya klipu. Na ile taa ya kwenye kona?

Fundi_Dizeli_Tanga
Ni maji chini ya filta. Kona inayasogeza, yanagusa boya la sensa, ukinyooka yanarudi. Maana yake yamekaribia kiwango, usisubiri iwake moja kwa moja.

Asubuhi, kabla ya kuwasha, yakiwa yametulia: weka kopo chini, legeza kizibo cha chini ya filta kwa mkono mizunguko miwili hivi, bonyeza pampu ya mkono polepole mpaka itoke dizeli tupu. Kaza kwa mkono, si kwa spana, kizibo ni plastiki na waya wa sensa uko hapo hapo. Kisha bonyeza tena mpaka pampu iwe ngumu, washa, angalia kama kuna tone.

Lile kopo usilimwage. Liache nusu saa, maji yatajitenga chini. Yakiwa kijiko kimoja, rudia baada ya wiki mbili. Yakiwa robo kopo au yana utelezi mweusi, filta pekee haitoshi: tanki lishushwe, lioshwe.

Ndoo_na_Kipimo
Na akishashusha tanki abadilishe na ile gasketi ya geji humo humo, asilipe fundi mara mbili.