Nikijiamini madhabahuni naambiwa nina kiburi, nikijishusha ibada inapoa. Nishaurini

Sauti ya Tatu (mleta uzi):
Wakuu habari za jioni. Wapendwa na msio wapendwa, nisaidieni maana kichwa kimejaa.

Ni kijana wa miaka 29, nasali hapa Mwanza mjini. Naongoza sifa na kuabudu, huu mwaka wa sita. Nikipanda kwa kujiamini, nikawaambia watu wasimame, wapige makofi, wainue mikono, wazee wanasema kijana kavimba kichwa. Nikipanda taratibu, macho chini, nikaomba radhi hata kabla ya pambio la kwanza, ibada inakuwa kama tumekaa matanga. Watu wanaangalia saa.

Jumapili iliyopita ilinifika hapa. Nilivuka kwenda kwa mama Sengerema, na foleni yote ya kivuko pale Kigongo nimeinamia begi la gitaa nalia.

Swali langu: kiongozi wa sifa anajishushaje bila kuzimika?

Bint wa Nansio:
Funga siku tatu kavu. Utarudi hapa kushuhudia.

Dagaa Mkavu:
Miaka 29 unalia kwenye foleni? Oa kwanza mkuu, kiburi kitatoka chenyewe.

Fundi Mitambo:
Mimi nakaa nyuma ya mikisa, ile mashine ya kurekebisha sauti, kanisani mwaka wa 11 sasa. Kila kiongozi akipanda huwa namwangalia mkono. Anagonga maiki mara mbili, anaimba neno moja, halafu ananiashiria kwa kidole: ongeza. Sijawahi kuashiriwa punguza. Hata siku moja.

Unasema ibada inapoa. Umeshawahi kushusha kii, yaani kuanza wimbo chini kidogo? Vijana mnabeba wimbo na kii yake kama mlivyousikia kwenye simu, wakati mwenzenu aliuimba studio na sauti aliyojaliwa. Baba wa miaka 55 aliyeshinda soko la Mwaloni wiki nzima akipigia kelele wateja wa dagaa hafiki huko juu, kwa hiyo anafunga mdomo. Wewe unadhani amepoa kiroho, kumbe ni koo. Shusha kidogo, halafu ubeti mmoja toa maiki mdomoni kabisa usikilize. Usiposikia watu, hapo umekuwa unatumbuiza tu.

Na hayo macho kufumba dakika ishirini, acha. Unawaongoza usiowaona?

Sauti ya Tatu:
Asante Fundi, nimekupata. Ila kii huwa nashusha. Shida ni wazee hawanielewi.

Mchungaji Mstaafu:
Mwanangu, wazee wa kanisa hawaamki tu asubuhi wakaanza kutomwelewa mtu wa mwaka wa sita. Hiyo Jumapili kulitokea nini?

Sauti ya Tatu:
Shikamoo baba. Kutoelewana kidogo tu, mambo ya kawaida ya huduma.

Mama Kuku Buhongwa:
Kutoelewana kidogo hakumlizi mwanaume mpaka kivukoni. Sema baba, hapa hatukujui.

Sauti ya Tatu:
Haya. Tulikuwa katikati ya kuabudu, pale ambapo kinanda kinapiga chini chini na watu wengine wameshaanza kulia. Mama mmoja mzee wa idara ya akina mama akatoka kwenye kiti, akachukua maiki ya pili, akaanzisha pambio la Kisukuma. Kii yake iko huko, yetu iko huku, mpiga kinanda anamtafuta hampati. Nikamwendea nikaipokea ile maiki. Watu wanasema nilimnyang'anya, si kweli, niliipokea. Nikasema kwa upole, "Mama tunaomba utulie, tuko mbele za Bwana." Ni kweli ilisikika kwenye spika, lakini sikupanga.

Nililinda ibada. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Dagaa Mkavu:
"Nikaipokea." Hata vibaka huwa wanapokea simu.

Mama Kuku Buhongwa:
Na huyo mama akafanyaje?

Sauti ya Tatu:
Alijifunga kitenge chake upya akarudi kukaa. Hakuimba tena mpaka tunatoka.

Mtani wa Magu:
Mmenikumbusha babu yangu. Yeye alikuwa anacheza ngoma upande wa Bagika, na Bagalu ndio mahasimu wao. Kwa wasiojua, kwenye mashindano ya Kisukuma makundi mawili yanaingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watu wanahama kwenda kwa anayewavutia. Mwenye watu wengi kashinda. Ndiyo mambo mnayoyaona mpaka leo kwenye Bulabo pale Bujora, Kisesa, sikukuu iliyoanzia kwenye Ekaristi enzi za Padre David Clement, yule Mkanada wa makumbusho.

Sasa ningi, yaani kiongozi wa ngoma, asipojiamini hana kazi. Babu alikuwa anasema ningi mwenye haya ni bora akachunge. Anajisifu kwa wimbo, anamtukana mpinzani kwa wimbo, na dawa kapaka. Nadhani hapa kwetu damu hiyo ndiyo imeingia kanisani na maiki. Kijana anaingia madhabahuni kama ana mpinzani uwanjani. Mleta uzi, yule mama ulimwona Mgalu!

Babu alikufa anaidai timu yake ng'ombe mmoja, lakini hiyo hadithi ndefu.

Moto wa Petro:
Kumbukeni Lusifa alikuwa kiongozi wa sifa mbinguni. Kiburi kikamshusha. Kijana jihadhari.

Mchungaji Mstaafu:
Ndugu Moto, hilo tunalihubiri sana lakini fungua Ezekieli 28 usome inamwombolezea nani. Mfalme wa Tiro. Mengine ni tafsiri, na waimbaji wetu tumewatisha nayo bure.

Kijana, mimi ningekupeleka 1 Nyakati. Sura ya 15, Kenania anapewa kusimamia uimbaji kwa sababu alikuwa stadi. Haikuandikwa kwa sababu alikuwa mnyonge. Kwa hiyo kujua kazi yako si dhambi. Ila nenda sura ya 25 uhesabu. Waimbaji stadi 288, zamu 24, watu 12 kila zamu, na zamu zilipigiwa kura, mwalimu na mwanafunzi chungu kimoja. Hata stadi hakupewa zamu zote. Wewe miaka sita zamu yako inaisha lini?

Sauti ya Tatu:
Baba umenibariki. Hapo kwenye ustadi ndipo ninapowaambia watu. Na ndiyo maana nimeshachukua hatua. Nimeandaa usiku wa sifa wangu mwenyewe, ukumbi uko Nyakato, advansi nimelipa na matangazo yameshachapwa. Sihami kanisa. Ni huduma tu.

Fundi Mitambo:
Kwenye tangazo kuna picha ya nani?

Sauti ya Tatu:
Yangu. Nilimpa ndogo, mchoraji ndiye aliyeikuza.

Bint wa Nansio:
Narudia, funga. Fanya siku saba.

Mpita Njia Tu:
Jamani subirini kwanza. Mimi nasoma kuanzia juu. Foleni ya kivuko Kigongo, Jumapili iliyopita? Daraja la Kigongo-Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Kilomita tatu hivi, unavuka hujamaliza kutafuna karanga. Ulipanga foleni na nani, mamba?

Hii chai.

Dagaa Mkavu:
Chai ya maziwa. Leteni vitumbua.

Mtani wa Magu:
Kamanga nako kuna kivuko, tusimhukumu mtu haraka.

Mpita Njia Tu:
Kaandika Kigongo. Mwandishi wa hadithi huyu, anatafuta watu wa kuja ukumbini Nyakato. Mods, ondoeni tangazo la biashara.

Moto wa Petro:
Nami nilihisi rohoni kuna kitu, nikanyamaza.

Dagaa Mkavu:
Ulihisi baada ya mamba kutajwa.

Sauti ya Tatu:
Nimekaa saa mbili nikifikiria nifute uzi. Si chai.

Tukio ni la kweli, ila si la Jumapili iliyopita. Ni la kabla daraja halijafunguliwa. Niliandika vile kwa sababu ningesema ni zamani mngeniuliza nimekuwa wapi muda wote. Nilisimamishwa miezi mitatu. Miezi ikaisha, nikakaa nyumbani nikisubiri waje kuniita, maana niliamini bila mimi pale mbele patakwama. Hakuna aliyekuja. Sasa anaongoza yule mpiga kinanda. Sauti hana, nawaambia ukweli, hana kabisa. Mwezi uliopita nilipita nje nikasimama kwenye mwembe. Kanisa zima lilikuwa linaimba, na niliposikiliza vizuri lilikuwa lile pambio la Kisukuma.

Dagaa Mkavu:
Kwa hiyo mwaka wa sita unahesabu na wa benchi.

Mchungaji Mstaafu:
Dagaa, mwache. Kijana, huyo mama ulikwenda kumwona?

Sauti ya Tatu:
Nilituma ujumbe kwa mwanawe.

Mchungaji Mstaafu:
Nimeuliza kama ulikwenda.

Sauti ya Tatu:
Hapana baba. Nilitaka wazee wakubali kwanza kwamba na yeye alikosea, kii haikuwa yenyewe kweli.

Mama Kuku Buhongwa:
Weee. Bado uko kwenye kii? Anakaa wapi?

Sauti ya Tatu:
Igoma, njia ya Kisesa.

Mama Kuku Buhongwa:
Daladala za Igoma ziko mpaka usiku. Usiongozane na mzee wa kanisa, nenda mwenyewe.

Sauti ya Tatu:
Nikienda niende na nini? Na ule ukumbi nifanyeje, advansi hairudi.

Mama Kuku Buhongwa:
Sukari kilo mbili na mche wa sabuni. Shikamoo kwanza, ukae, unywe utakachopewa. Gitaa liache nyumbani.

Fundi Mitambo:
Na usimweleze habari ya kii.

Dagaa Mkavu:
Mkuu, huo ukumbi unaingiza watu wangapi? Mdogo wangu ana sendofu mwezi ujao na tumekosa pa kufanyia. Kama advansi hairudi, njoo pembeni tuongee.