Naomba ushauri: nitapimaje kama utabiri wa mvua unasema kweli?

Habari wakuu. Nipo Kibirizi hapa Kigoma, naanika dagaa. Wakilowa wakiwa bado hawajakauka wanageuka rangi na bei inaporomoka hapohapo, kwa hiyo kila jioni naangalia utabiri kwenye simu. Programu mbili, na mara nyingi zinabishana. Nataka nijue ipi ya kuaminiwa.

Kuhesabu "imepatia, imekosea" naona kunadanganya. Julai huku mvua hakuna, hata mwanangu akisema kila siku "kesho kukavu" atapata karibu zote! Mwaka 1884 kule Marekani, mtabiri wa hali ya hewa aitwaye Finley alitabiri vimbunga vya tonado akapata asilimia 96.6, kumbe angesema tu "hakuna" kila mara angepata 98.2.

Nimesoma kipimo cha Brier cha 1950, cha kupima utabiri unaotolewa kwa asilimia: ukiambiwa mvua asilimia 70 na ikanyesha, unachukua 1 toa 0.7, unazidisha kwa yenyewe, unapata 0.09. Isiponyesha ni 0.7 mara 0.7, yaani 0.49. Wastani ukiwa mdogo ndiyo bora. Hesabu naiweza.

Kinachonitatiza: mvua inaweza kupiga mjini Mwanga huku vichanja vyangu vikiwa vikavu kabisa. Hapo niandike imenyesha au la? Nikitega kopo la kupimia hapa kwangu inatosha? Na matone machache tu nayahesabu? Nataka kuanza Novemba mvua zikianza, nipime hadi Aprili. Aliyewahi kufanya hivi, hasa mkulima au mtu wa hali ya hewa, anielekeze tafadhali.