Mtoto wa miaka 3 na nusu anakosa choo, miezi sasa. Nianzie wapi na nimweleze nini daktari?

MamaDoto
Habari za jioni wapendwa, poleni na majukumu. Naombeni ushauri, hasa kwa mliopitia hili au mlio kwenye fani ya afya.

Mwanangu wa kiume ana miaka 3 na nusu. Tangu nimwachishe ziwa choo chake hakijakaa sawa, lakini miezi ya karibuni imezidi. Anaweza kukaa siku nne au tano bila kwenda, na akienda kinatoka kigumu na kinene mno kwa mtoto wa umri wake, analia mpaka jasho linamtiririka. Mara nyingine naona damu nyekundu juu ya choo. Akihisi haja anakimbilia nyuma ya mlango, anasimama kwa ncha za vidole, anabana miguu na kukunja ngumi. Namwambia "sukuma baba, sukuma", hakitoki kitu.

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba katikati ya siku hizo hizo chupi inachafuka kwa uchafu mwepesi, kama wa mtu anayeharisha. Chekechea wameanza kulalamika na wenzake wanamtania. Mama mkwe anasema ni ukaidi, achapwe. Roho yangu inakataa.

Zahanati tulipewa dawa ya minyoo. Niliporudi kueleza ule uchafu wa kwenye chupi tukapewa ORS na zinki. Hakuna kilichobadilika. Anakula ugali wa sembe au wa muhogo, dagaa, wali. Maziwa anayapenda kupita kiasi, anaweza kushinda nayo asiguse chakula. Mboga za majani anatema. Nipo Sengerema. Je, niende moja kwa moja hospitali ya rufaa ya Bugando? Na je, kuna daktari maalumu wa tatizo hili?

BabaPacha
Pole mama. Mpe mafuta ya nyonyo kijiko kimoja asubuhi kabla hajala. Ikishindikana, chonga kipande chembamba cha sabuni ya kufulia, mwingizie njia ya haja kubwa, dakika tano tu kila kitu nje. Sisi tumelelewa hivyo.

Nesi_Mstaafu
Baba, nakuheshimu, lakini hilo la sabuni naomba mtu asilifuate. Sabuni inaunguza ngozi laini ya ndani. Mtoto huyu tayari ana maumivu, na damu aliyoitaja mama ni dalili kuwa huenda kuna mpasuko. Ukimwongezea kidonda, kesho atabana zaidi ya leo. Mafuta ya nyonyo nayo yanasokota tumbo kwa nguvu na kumkausha mtoto maji, na kama kuna choo kilichoganda kule chini, yanasokota bure. Vivyo hivyo kwa vidonge vya watu wazima vya kulainisha choo na enema za majani, yaani maji ya dawa yanayoingizwa njia ya haja kubwa. Msimpe mtoto.

MamaDoto mwanangu, nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi na hiki unachokieleza nimekiona sana. Acha nikieleze taratibu.

Anaposimama kwa ncha za vidole nyuma ya mlango, hasukumi. Anazuia. Siku moja alipata choo kilichomuumiza, akaamua kisirudi tena. Sasa kazi mojawapo ya utumbo mkubwa ni kunyonya maji. Choo kikizuiwa siku mbili tatu kinaendelea kukaushwa kule ndani, kinakuwa kigumu na kikubwa, kikitoka kinaumiza kuliko mwanzo, na woga unaongezeka. Ndiyo maana tatizo haliishi lenyewe.

Na ule uchafu mwepesi si kuharisha. Choo kigumu kimeziba puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mkubwa, na kile laini kinachokuja nyuma yake kinapenya pembeni, kama maji ya mtaroni yanavyopita kando ya jiwe. Puru iliyotanuka muda mrefu hupoteza hisia, kwa hiyo mtoto hajui kabisa kwamba kinatoka. Mwambie mama mkwe hivyo kwa heshima: mtoto hawezi kuadhibiwa kwa jambo asilolihisi. Akichapwa ataanza kuogopa choo na kukuogopa wewe pia.

Watoto walio wengi wenye shida hii, zaidi ya 9 kati ya 10, hawana kasoro yoyote ya utumbo. Hata hivyo lazima daktari awatenge wale wachache. Kwa hiyo nijibu haya: choo chake cha kwanza cheusi baada ya kuzaliwa alikitoa lini? Kilichelewa kupita siku mbili? Shida ilianza akiwa mchanga, kabla ya mwezi mmoja? Uzito kwenye kadi ya kliniki unapanda au umesimama? Tumbo huvimba likawa gumu na kung'aa? Hutapika matapishi ya kijani? Choo huwa chembamba kama utepe? Miguu ina nguvu, anakimbia kama wenzake? Mgongoni chini, karibu na mkia, kuna kishimo au kishungi cha nywele? Anatumia dawa ya kuongeza damu? Madini ya chuma hufanya choo kiwe kigumu.

Kama anatapika kijani, au tumbo limevimba na kuna homa, usisubiri jibu langu. Nenda hospitali usiku huu.

MamaNuru_Kibaha
Mimi naomba usipuuze hilo swali la choo cha kwanza. Binti yangu alikitoa siku ya tatu, na hakuna aliyetuambia kuwa ni tatizo. Tumbo likawa linavimba, hanenepi, kila wiki tunamtia enema ndiyo apate choo. Mwishoni tulifika hospitali ya Muhimbili, wakachukua kipande kidogo cha nyama ya puru kwenda kupima, ikaonekana ni ugonjwa wa Hirschsprung. Sehemu ya mwisho ya utumbo haina chembe za neva tangu mtoto yuko tumboni, kwa hiyo hailegei kuruhusu choo kipite. Kwanza walimfungulia njia ya choo tumboni, baadaye wakakata kile kipande kibovu na kuunganisha. Leo yuko shule, anacheza, anakula. Sisemi mwanao ana ugonjwa huo. Nasema uliza.

MamaDoto
Shikamoo mama Nesi. Nimesoma nikilia, maana sikuwahi kufikiria kwamba anazuia. MamaNuru, pole kwa mliyopitia na Mungu azidi kumlinda binti.

Majibu: choo cha kwanza alitoa usiku ule ule wa kuzaliwa, nakumbuka kwa sababu shuka la hospitali lilichafuka. Mwaka wa kwanza hakuwa na shida. Uzito unapanda. Miguu ina nguvu, anapanda mwembe. Mgongo nimeukagua sasa hivi kwa tochi, uko safi. Hatapiki. Dawa ya damu alipewa baada ya malaria mwaka jana, ikaisha.

Nesi_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Majibu hayo yananipa moyo. Huna haja ya kuanzia Bugando. Nenda hospitali ya wilaya, mwone daktari. Yeye akiona ishara mbaya, au dawa ikishindwa licha ya kutumiwa sawasawa, ndipo atakuandikia rufaa kwa daktari bingwa wa watoto. Kwa sera ya afya, mtoto chini ya miaka 5 hatozwi kwenye vituo vya serikali. Ila beba akiba kidogo, dawa isipokuwepo utaandikiwa ukanunue famasi.

Andika kwenye karatasi: ilianza lini, anaenda mara ngapi kwa wiki, kikoje, damu, uchafu wa kwenye chupi, dawa zote alizopewa. Beba kadi ya kliniki. Usiseme "anaharisha" hata kidogo, maana neno hilo ndilo lililowapeleka kwenye ORS. Sema "anakosa choo na chupi inachafuka bila yeye kujua". Omba kwa upole amshike tumbo, maana choo kilichoganda mara nyingi kinapapaswa upande wa kushoto chini ya kitovu. Aangalie na njia ya haja kubwa kwa nje, na mgongo. Mara nyingi hayo yanatosha, eksirei haihitajiki.

Matibabu yana sehemu mbili, na watu wengi huishia ya kwanza. Kwanza ni kuondoa kilichoganda, kwa dawa ya kunywa inayovuta maji kwenye choo: makrogoli, ambayo ni unga wa kuchanganya na maji, au laktulosi, ambayo ni sirapu. Kipimo kinategemea uzito wa mtoto, atakupangia daktari, usikichukue mtandaoni hata kwangu. Pili ni kuendelea na dawa kila siku kwa miezi, angalau miwili na mara nyingi zaidi, ili puru irudi kwenye umbo lake na mtoto asahau maumivu. Choo kikishakuwa laini mwezi mzima ndipo inapunguzwa kidogo kidogo. Wazazi huacha wiki ya pili wakiona kimelainika, kisha wanarudi palepale. Dawa hizi hazizoeshi utumbo uvivu, hilo ni uvumi. Laktulosi italeta gesi siku za mwanzo, usiogope.

Mkulima_Misungwi
Kwenye chakula mama, usihangaike na vitu vya dukani. Badilisha sembe kwa dona. Viazi vitamu tunavyo, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) tunayo, mtoto anayapenda kwa utamu wake. Papai bivu, embe, chungwa ale na nyama zake badala ya kunywa juisi. Maharage yapondwe. Kama mboga anatema, jaribu mlenda, unateleza na tonge bila yeye kupigana nao. Maji anywe kila mara, weka kikombe chake mwenyewe pembeni ya mtungi.

Nesi_Mstaafu
Ushauri mzuri huu. Naongeza maziwa: yasizidi nusu lita kwa siku, yanamshibisha akakosa hamu ya chakula. Ila chakula peke yake hakitaondoa kilichokwisha kuganda. Dawa iende kwanza, dona na papai vije kulinda.

Fundi_Nyakato
Mimi ni baba, nichangie upande wangu. Wa kwangu alikuwa anaogopa choo cha shimo. Ukifikiria kwa macho ya mtoto, lile tundu ni kubwa, giza, linanuka, na miguu yake haifiki vizuri pande zote mbili. Nilimnunulia poti, tukaiweka sehemu anayoipenda. Baada ya chai ya asubuhi na baada ya chakula cha jioni anakaa dakika tano hivi, miguu ikanyage chini, namhadithia kidogo. Kikitoka tunampigia makofi, kisipotoka ananyanyuka bila neno. Kufokea hakuna. Ilichukua muda lakini woga uliisha.

Nesi_Mstaafu
Na kuna sababu ya kukaa baada ya kula: tumbo likipokea chakula, utumbo mkubwa nao huamka na kusukuma. Ndio wakati ambao haja ni rahisi kuja.

MamaDoto
MREJESHO. Tulienda wilayani. Daktari kijana, mtulivu, amesoma karatasi yangu yote. Alimpapasa tumbo akanishikisha na mimi mkono, nikahisi kabisa kitu kigumu kama alivyosema mama Nesi. Kuna mpasuko mdogo, ndiyo ile damu. Hakuona ishara ya ugonjwa mwingine. Ametuandikia laktulosi na tarehe ya kurudi.

Ila nina wasiwasi: tangu tuanze dawa uchafu kwenye chupi umeongezeka sana. Mama mkwe anasema dawa imemharibu, tuiache. Naombeni jibu haraka.

Nesi_Mstaafu
Usiiache. Kipindi cha kuondoa kilichoganda uchafu huongezeka kwanza, kwa sababu kile kigumu kinalainika na kumeguka. Kikishatoka chote utaona uchafu unapungua. Mpake mafuta ya mgando asichubuke, mvalishe pampasi usiku bila kumsimanga, mpe maji. Akianza kutapika au tumbo likivimba, rudi kabla ya tarehe. Zikipita wiki mbili bila kuona kikubwa kimetoka, rudi vilevile, huenda kipimo ni kidogo au anahitaji makrogoli.

MamaDoto
Ahsante mama. Na chekechea nifanyeje? Vyoo vyao ni vichache na vichafu, anasema hataki kwenda huko kabisa.

Nesi_Mstaafu
Kaongee na mwalimu ana kwa ana, bila mtoto kusikia. Mwambie ni ugonjwa, ana dawa, na akiomba kutoka aruhusiwe hapo hapo, asiambiwe asubiri mapumziko. Mpelekee chupi na suruali ya akiba kwenye mfuko, na kitambaa. Mwamshe mapema kidogo ili akae kwenye poti baada ya chai kabla ya kutoka nyumbani. Akizoea kumalizia nyumbani asubuhi, choo cha shule hakitakuwa tatizo kubwa.

Mzazi_Mpya
Samahani kuingilia uzi. Wangu ana miezi miwili na nusu, ananyonya tu, sijampa kitu kingine. Leo siku ya tano hajapata choo. Nimpe maji ya sukari?

Nesi_Mstaafu
Hapana, usimpe maji, sukari wala asali. Mtoto wa umri huo anayenyonya maziwa ya mama pekee anaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki, na ikawa kawaida, maana maziwa ya mama hayaachi mabaki mengi. Angalia kikija ni laini? Ananyonya vizuri? Anakojoa? Tumbo ni laini na uzito unapanda? Kama yote ni ndiyo, endelea kumnyonyesha. Kama hata jibu moja ni hapana, mpeleke akaonwe kesho asubuhi, na akitapika kijani au tumbo likivimba, mpeleke sasa hivi.

Mzazi_Mpya
Yote ni ndiyo. Nilikuwa nimeshakoroga sukari, naimwaga. Ahsante sana mama.