Mshipi wa kusuka au nailoni kwenye daunriga? Klipu inanitesa

Mshika Usukani

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wanaorambaza (kuburuta chambo nyuma ya chombo) kwa daunriga, yaani chubwi zito la kushusha chambo, lenye klipu inayobana mshipi na kuuachia samaki akipiga. Nimekwama kweli.

Miaka yote nimetumia nailoni yenye nguvu ya ratili 20. Mwezi uliopita nikatoa nailoni kwenye rili mbili, nikajaza mshipi wa kusuka wa ratili 30. Nilitaka kushuka mita 35 bila maji kuupinda mshipi kama upinde, na huu wa kusuka ni mwembamba karibu nusu ya ule wa zamani. Tangu siku hiyo sijapata raha. Naubana kwenye klipu, nateremsha chubwi, nazungusha rili mpaka fimbo ipate mkunjo wake. Baada ya dakika chache naona ncha inanyooka taratibu: mshipi unateleza ndani ya klipu. Nikikaza klipu, hautelezi tena, ila samaki akipiga haufyatuki. Juzi nimemburuta kolekole mdogo sijui kwa muda gani, nimempandisha ameshakufa. Roho iliniuma.

Na wale waliofyatua klipu vizuri wamenitoka, watatu mfululizo. Fimbo inaruka, naidaka, nahisi uzito mara mbili tatu, kisha mshipi mwepesi. Wa mwisho kaniachia kipande cha ngozi ya mdomo kwenye ndoana.

Nimeuchunguza mshipi pale klipu inapobana. Umetoka manyoya kama uzi wa pamba uliochakaa, urefu wa kidole kizima. Nirudi kwenye nailoni, au kuna kitu nakosea?

Tezi na Omo

Rudi nailoni mkuu. Mimi sijawahi kuona sababu ya kusuka kwenye daunriga. Kazi ya kushusha chambo inafanywa na chubwi, wembamba wa mshipi unakusaidia nini?

Mama Ndoana

Kaka Mshika Usukani, pole kwa huyo kolekole. Mimi yamenipata hayo hayo nilipobadilisha, kwa hiyo nitakueleza kwa urefu kidogo.

Umebadilisha mshipi, lakini klipu, breki ya rili na fimbo umeviacha vile vile. Vyote vitatu ulikuwa umevizoesha nailoni.

Anza na klipu. Nailoni ni nene na laini, zile pedi za mpira zinaingia kidogo kwenye mwili wake, zinaushika. Mshipi wa kusuka ni mgumu, unateleza, hauna unene wa kushikwa. Ukikaza ili usiteleze, umeshapita kiwango ambacho samaki mdogo anaweza kufyatua. Hakuna sehemu ya katikati hapo, nimeitafuta msimu mzima. Na manyoya uliyoyaona ni nyuzi zinazokatika kwa kusuguliwa na pedi. Kata kipande hicho leo, usikiamini.

Sasa hao watatu waliokutoka. Fikiria nusu sekunde ile klipu inapofyatuka. Mshipi ulikuwa unashuka mpaka kwenye chubwi, kisha unarudi nyuma kwenda kwa chambo. Ukifyatuka, kona ile inafunguka, mshipi unalegea, na fimbo iliyokunjwa sana ndiyo inayoruka kuula huo ulegevu. Halafu mshipi unakaza ghafla huku chombo kinaenda mbele kwa mwendo wa noti 3 (maili tatu za baharini kwa saa) na samaki anavuta kurudi nyuma. Nailoni hapo inanyumbulika. Nailoni nyingi hufika asilimia 20 na zaidi kabla ya kukatika, kwa hiyo mita 50 za nailoni ni kama mpira mrefu kati yako na mdomo wa samaki. Wa kusuka karibu haunyumbuliki kabisa. Pigo lote linaishia kwenye ndoana, tundu linapanuka, na unabaki na ngozi kama ulivyobaki.

Tezi na Omo, kwa heshima, kwenye mita 10 au 15 nakubaliana nawe moja kwa moja, nailoni inatosha na inasamehe. Lakini wembamba una kazi yake chini zaidi. Mshipi nao unasukumwa na maji, na ukiwa mnene unasaidia kulivuta chubwi nyuma, kwa hiyo kaunta ya kina inasema mita 35 wakati chambo kiko juu zaidi ya hapo. Tena wa kusuka unakupa habari. Samaki mdogo asiyeweza kufyatua klipu utamwona kwenye ncha ya fimbo, inatetemeka kwa namna isiyo ya mawimbi. Nailoni inayameza yote hayo.

Mimi nafanya hivi. Rili nzima ni ya kusuka, lakini mwisho wake naunganisha nailoni ya ratili 20, mita 30. Chambo nakiacha mita 15 nyuma ya klipu. Hivyo klipu inabana nailoni, haigusi wa kusuka hata mara moja, na juu ya klipu zinabaki mita 15 nyingine za nailoni. Fundo la kuunganisha lifunge jembamba lipite kwenye pete za fimbo bila kukwama. Mimi nalivuta kwa mkono kwenye kila pete kabla ya kutoka, na nikisikia hata mkwaruzo mdogo nalifunga upya. Usibane klipu juu ya fundo.

Breki ipime kwa nailoni ya mbele, usiipime kwa wa kusuka. Mimi naiacha legevu kuliko nilivyozoea, robo ya nguvu ya nailoni au chini ya hapo, naongeza samaki akishatulia. Na fimbo iwe laini, ile inayokunjika mpaka karibu na mpini. Fimbo ngumu na mshipi wa kusuka, samaki wa mdomo laini humpandishi.

Kitu kimoja zaidi: chini kabisa ya rili weka mizunguko michache ya nailoni ndipo uanze wa kusuka, la sivyo mshipi wote utazunguka kwenye spuli samaki akivuta, na utadhani ni breki.

Mvuvi wa Alfajiri

Wengine hutumia mpira wa kufungia karatasi. Unauzungusha kwenye mshipi wa kusuka mara tano sita, unaupitisha ndani yake wenyewe, kisha unabana mpira kwenye klipu. Samaki akipiga mpira unakatika. Unafanya kazi.

Mama Ndoana

Unafanya kazi, nimeutumia. Niliuacha kwa sababu kila pigo linaacha mpira majini, na mara nyingine kipande kinabaki kwenye mshipi na kukwama kwenye pete samaki akiwa karibu na chombo.

Mshika Usukani

Mama Ndoana, shukrani sana, nimetoka leo. Nimefunga mita 30 za nailoni mbele kama ulivyosema, klipu nimeirudisha kwenye mkazo wangu wa zamani. Fimbo imekaa na mkunjo saa nzima bila kunyooka. Fundo la kwanza lilikwaruza pete ya pili, nikalikata na kulifunga upya.

Nimepata mapigo mawili. Mmoja alifyatua klipu kwenye mita 32, nikaisikia breki ikilia badala ya ule mkatiko niliouzoea, nikampandisha: nguru mzuri, ndoana imekaa kwenye pembe ya mdomo na tundu halijapanuka. Wa pili nilimwona kwenye ncha kabla klipu haijafyatuka, inatikisika haraka haraka. Nikafyatua kwa mkono, alikuwa kolekole mdogo, mzima kabisa. Nimemrudisha, akaondoka kwa nguvu.

Rili ya pili naibadilisha kesho. Swali dogo: hizo mita 30 unazibadilisha baada ya muda gani?

Mama Ndoana

Kila safari nakata mita mbili tatu upande wa chambo, ili klipu ibane mahali papya, si pale palipopoteza mng'ao. Zikibaki mita 20 natoa zote, naweka mpya.