MREJESHO: Tulibaki Ukerewe, mimi na mzee wangu

Wapendwa, Bwana asifiwe. Mtakumbuka Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, niliuliza hapa: mimi na mzee wangu ni wastaafu, yeye ana sukari, kanisa limetutuma umisionari kisiwani Ukerewe, turudi Mwanza mjini kwa watoto au tubaki?

Asanteni wote. Tulimsikiliza yule nesi aliyesema tubaki, ila tuache safari za kivukoni na tuweke akiba ya dawa za mzee ya miezi mitatu. Hilo ndilo lililotuokoa. Zilipokaribia kwisha, kijana wetu alizituma hadi Nansio, mji wa kule kisiwani. Ibada tulihamishia chini ya mwembe, pembeni kibuyu chirizi na sabuni. (Watoto walikipenda mno, kila saa wananawa, maji tunachota sisi wazee!)

Ushauri wa kusali kwa simu ulishindikana. Bibi zetu wengi wana kitochi kisicho na chaji, na mwenye chaji hana salio. Mzee akaishia kusimama nje ya ua na kuomba kwa sauti, hadi jirani wa nyumba ya tatu anaitikia amina. Barakoa nazo ziliishia mifukoni. Na nikiri, tulizika watu wawili tukiwa tumesimama mbali na wafiwa. Hilo halijanitoka moyoni.

Chanjo ilipokuja 2021 tulichanja wote wawili. Muda wetu ulikwisha, tumerudi Kirumba, Mwanza mjini. Mzee yupo, anawasalimu.