Napiga kanuni, niende Istanbul au Cairo? Wanaowajua wanamuziki wa Uturuki naomba ushauri

BintiWaUnguja:
Assalaam aleikum jamani. Mimi msichana wa miaka 25, nipo Unguja, napiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, kwenye kikundi cha taarab tokea nipo skuli na mwaka jana nimemaliza digrii ya ualimu. Sasa n'nataka kuusomea muziki wenyewe na roho yangu yote ipo Uturuki. Aliyenivuta ni mpiga kanuni wa kule, Göksel Baktagir, halafu nikaja kumjua Aytaç Doğan wa kikundi cha Taksim Trio, yule akipiga mkono wa kushoto hautulii, kila baada ya sauti mbili tatu uko kwenye mandal (vile vyuma vidogo vya kubadilisha sauti ya uzi) anazipandisha na kuzishusha na mkono wa kulia unaendelea kama hakuna kilichotokea. Kanuni yangu ni ya Kimisri, mandal zake chache, nikijaribu kumfuata kuna sauti sizipati kabisa hata nikibonyeza uzi kwa kidole.

Ami yangu ndo mkubwa wa kikundi na hataki kusikia. Anasema taarab yetu ilitoka Misri tokea Sultan Barghash alipompeleka Mohamed Ibrahim akasome kule, Uturuki nitaharibu mkono nirudi sipigiki na wenzangu. Tena anauliza nitakula nini. Na mimi ndoto yangu sio kupiga tu, n'nataka siku moja nitunge muziki wa tamthilia. Wenye kujua wale wanamuziki wa kule wanaishi vipi, nielezeni.

MswahiliAnkara:
Dada karibu, mimi niko huku mwaka wa tatu, sisomi muziki ila chumba tunakaa na jamaa wa konsevatori (chuo cha muziki) kwahiyo nayaona. Kwanza la miaka: Türkiye Bursları, yaani skolashipu ya serikali ya Uturuki, kwa digrii ya kwanza wanataka uwe chini ya miaka 21, hiyo imeshakupita. Masters ni chini ya 30, hapo bado una nafasi. Maombi hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, wanalipa ada, hosteli, posho, tiketi na mwaka mmoja wa kusoma Kituruki. Lakini muziki una mtihani wake wa kipaji, cheti kizuri peke yake hakikuingizi. Angalia chuo kikuu cha ITÜ pale Istanbul, wana konsevatori ya muziki wa Kituruki tokea miaka ya 1970, na wana kituo cha muziki cha MİAM ambako masters hufundishwa kwa Kiingereza.

Kuhusu kula, usipime kwa hao unaowaona YouTube. Huyo Baktagir baba yake ndo alikuwa mwalimu wake wa kwanza huko Kırklareli, akapita hiyo konsevatori ya ITÜ, akaingia kikundi cha serikali, yaani ana mshahara wa kila mwezi halafu rekodi na matamasha vinakuja juu yake. Wengi wa muziki wa asili wanaofika mbali wamepita njia hiyo, redio ya taifa TRT au vikundi vya wizara ya utamaduni. Sasa ajira ile ni ya raia. Wewe mgeni ukimaliza masomo hilo halipo, utabaki na harusi, studio na kufundisha, tena lira yenyewe imeshuka sana, mwaka 2022 mfumuko wa bei ulipita asilimia 80 na posho za wanafunzi tulizihisi mfukoni.

Kijana_wa_Kariakoo:
Mi naona aende tu. Fazıl Say alitoka Ankara akaenda Ujerumani kusoma piano, mwaka 1994 akashinda mashindano ya Young Concert Artists na leo simfonia zake zinapigwa dunia nzima. Ukikaa nyumbani kwa kumuogopa ami hufiki popote

MswahiliAnkara:
Mkuu huyo huyo Say mwaka 2013 alihukumiwa kifungo cha nje kwa twiti zake kuhusu dini, ikaja kufutwa 2016. Dada azingatie na hilo, kule ukiwa msanii kinywa ukichunge.

MzeeWaUdi:
Mwanangu salaam. Mimi nimepiga udi Mombasa miaka mingi na ami yako namheshimu bila kumjua, lakini mwambie hivi. Zile bashraf mnazofungulia shughuli kabla mwimbaji hajasimama zilitungwa kwa mtindo wa kasri za masultani wa Kiosmani, Cairo ilizipokea kutoka Istanbul na sisi tukazipokea kutoka Cairo. Kwahiyo Uturuki hutakuwa ugenini. Ila ana haki kwenye jambo moja na mimi nalitilia mkazo: sikio. Waturuki wanaigawa sauti nzima sehemu tisa, ile sauti ya sikah, yao na ya Kimisri hazikai mahali pamoja, ukikaa miaka mitatu na kanuni yao ukirudi ukikaa na fidla za kikundi chako utasikia nyote mko nje. Dawa yake ni kuwa na kanuni mbili na kuzipiga zote mbili kila siku, usiiweke ya Kimisri uvunguni.

Sauti_ya_Tamthilia:
Hapo kwenye tamthilia ndo niongee maana nahariri sauti kazini. Muziki wa ile ya Sultan Suleiman tuliyoiona kwa Kiswahili ulianza na Fahir Atakoğlu akiwa na wenzake Aytekin Ataş na Soner Akalın, na Atakoğlu alishajenga jina kwa muziki wa filamu za historia kabla. Toygar Işıklı ndo wa Aşk-ı Memnu, Ezel na Kuzey Güney, mtu mmoja kazi zote hizo! Kipindi kimoja cha kule kinakwenda saa mbili na zaidi na kinatoka kila wiki, muziki haukatiki, mtunzi hana muda wa kuvuta pumzi. Kwahiyo wanachotafuta ni mtu anayeandika noti haraka, anajua kompyuta ya studio na ana wapigaji wa kuwaita usiku wakaja. Kanuni yako ni mlango mzuri maana kila tukio la huzuni wanataka kanuni au ney (filimbi ya mwanzi), ila ukiingia kama mpigaji tu utalipwa kwa siku, haki ya utunzi haikuhusu. Jifunze kupanga muziki kuanzia sasa, huhitaji kusubiri viza.

BintiWaUnguja:
Jamani Mungu awalipe. MzeeWaUdi maneno yako ya bashraf nimemsomea ami, amenyamaza kidogo halafu akaniambia nimletee hizo rekodi azisikie, kwetu hiyo ni hatua kubwa sana. Noti nasoma lakini polepole. MswahiliAnkara huo mtihani wa kipaji wanataka nini hasa?

MswahiliAnkara:
Nimemuuliza jamaa. Anasema tayarisha taqsim moja (kupiga peke yako kwa kubuni papo hapo), kipande kimoja kigumu cha asili na kipande kimoja cha kwenu, cha kwenu usikiache kwasababu ndicho hawajakisikia. Watakupima sikio na mahadhi pia. Rekodi kwa video mikono yote miwili ionekane, chumba kisiwe na feni. Ukimaliza nitumie inboksi, nitampa mwalimu wake aiangalie kabla hujaomba

MzeeWaUdi:
Na mimi nitumie mwanangu. Taqsim iwe ya maqam ya rast, usikimbilie maqam ya hijaz.