Kitabu cha picha cha mchawi kwa anayeanza kusoma: Winnie, Meg au yule wa ufagio?

MamaPili
Habari zenu wadau. Mwanangu yuko darasa la kwanza, shule ya mchepuo wa Kiingereza. Silabi za Kiswahili kashamaliza, Kiingereza ndo anaanza kuunganisha maneno. Siku hizi habari yake ni wachawi tu, kofia ndefu na paka mweusi. Nataka nimnunulie kitabu kimoja, vitatu sina ubavu navyo. Nimetajiwa Winnie the Witch, Room on the Broom na Meg and Mog. Kipi atakisoma MWENYEWE, siyo nimsomee mimi?

TichaWaAwali
Winnie, bila kupepesa macho. Maneno ya Valerie Thomas, michoro ya Korky Paul, kimetoka 1987. Kinaanza na nyumba nyeusi tii: mazulia meusi, viti vyeusi, kitanda cheusi chenye mashuka meusi, hadi bafu. Mtoto akishalinasa neno hilo moja la rangi, anatembea nalo ukurasa mzima. Na paka wake, Wilbur, ni mweusi vilevile. Akifumba macho haonekani, Winnie anamkalia. Basi anamgeuza kijani. Paka akitoka nje kwenye majani, mambo ni yaleyale, Winnie anajikwaa na kuangukia waridi lenye miiba! Darasani wanajua kinachokuja kabla sijafunua, na hapo hata wale waoga wa kusoma wanajitosa.

Mzee wa Vina
Mimi niko Uingereza, huku Room on the Broom ndiyo inayotamba. Julia Donaldson na Axel Scheffler, 2001. Utamu wake ni wa sikio, mistari yote ina vina. Kofia inapeperuka, mbwa anaiokota na kuomba lifti kwenye ufagio. Kisha utepe na ndege, kijiti cha uchawi na chura, mwishowe ufagio unakatika na linatokea joka lenye hamu ya kula mchawi kwa chipsi 😂 Ila kwa swali lako, hapana. Binti yangu alikuwa anaghani ukurasa mzima huku kidole kiko mstari mwingine kabisa. Alikikariri, hakukisoma.

TichaWaAwali
@Mzee wa Vina kukariri nako kunasaidia, lakini baadaye. Kwanza ajue kidole kinafuata nini.

kidawa_k
Jamani mbona Meg mnamruka? Helen Nicoll na Jan Pieńkowski, tangu 1972. Maneno kiduchu, rangi za kuwaka, michoro ina mistari minene myeusi. Meg akishuka ngazi, maneno nayo yanashuka naye hatua kwa hatua. Kasoro yake ni vile vishindo vilivyoandikwa Kiingereza, wangu alivigomea, akabaki anacheka picha.

Baba Sele
Kwani vitabu vya sungura vimeisha? Kwangu uchawi hauingii hata wa karatasi.

TichaWaAwali
Shikamoo Baba Sele. Heshima yako, lakini huyu Winnie harogi mtu. Anamtia paka wake rangi, kichwa chekundu, mwili wa njano, mkia wa pinki, sharubu za bluu, miguu ya zambarau. Paka anaona aibu, anakwea juu ya mti, ndege wanamcheka. Winnie anamwonea huruma, anamrudishia weusi wake, halafu anachobadilisha ni nyumba.

Baba Sele
Marahaba. Sungura palepale.

kidawa_k
Ticha umetusimulia hadi mwisho 🙄

Mzee wa Vina
Kuna na Strega Nona wa Tomie dePaola, 1975, bibi wa Calabria, kule Italia, mwenye chungu kinachopika pasta hadi inafurika mji. Hadithi tamu kuliko zote hapa kwa maoni yangu, ila maandishi mengi, hicho msomee wewe.

MamaPili
Asanteni, nabeba Winnie. Nimeona kuna kilichoandikwa Winnie and Wilbur, ndicho hicho?

TichaWaAwali
Mfululizo ulibadilishwa jina 2016, kwa hiyo angalia kama chini yake pameandikwa Winnie the Witch. Na uwe macho, kuna Winnie wa hadithi ndefu, kijitabu kidogo kimejaa maandishi, picha za kudokoa. Mwambie muuzaji akupigie picha ukurasa wa ndani kabla hujatuma hela.